Tumbo la Mbeti

Benchi la kijiweni pale Kiamaiko lilichongwa na Muoki mwenyewe, likatosha watu wanne na ubishi wa mtaa mzima. Asubuhi hiyo alilikalia akiwa amempakata Mbeti, bintiye wa miezi minane, akimsubiri mama mkandaji aje amkande tumbo. Tangu jana mtoto alikuwa akilia ghafla, anakunja miguu, ananyamaza, kisha analia tena. Sasa alikuwa anatapika kijani. Kahawa ya Muoki ilikuwa imepoa mkononi.

— Hapo njia imeziba, alisema Obonyo, mstaafu wa reli, aliyeitwa Injini. — Behewa likikwama unalisukuma kutoka nyuma. Mpe mafuta ya mbarika.

— Wee Injini, mtoto si treni! Sylvance alimjibu. Huyu alizibua mitaro ya kaunti miaka kumi, wakamwita Manholi. — Ni minyoo, imejifunga fundo. Mnyweshe maji ya chumvi, mengi.

— Minyoo, miezi minane? Ameitoa wapi?

— Basi ni chingamu. Mamake hutafuna akinyonyesha, inapita kwa maziwa.

— Inapita kwa maziwa! Na kaunti ilikuamini na mitaro yetu?

Muoki hakucheka. Mbeti alikuwa amelegea mkononi mwake, kimya.

— Si unaona? Injini alisema. — Ametulia. Inafunguka yenyewe.

Wanza, anayeosha matumbo ya mbuzi kichinjioni, alikuwa amesimama na gambuti zake akingoja kikombe cha kahawa. Aliinama akaitazama nepi chafu iliyokuwa kando ya Muoki benchini.

— Baba Mbeti, hii nyekundu kama jemu ni nini?

— Imetoka hivyo alfajiri. Nikadhani ni uji wa wimbi.

Wanza aliushika mkono wa sweta yake, akausukumia ndani, sehemu moja ikaimeza nyingine.

— Utumbo wakati mwingine hufanya hivi. Nimeukuta kwa mbuzi, na mtoto wa dadangu alipasuliwa kwa hilo. Ukikanda au kusukuma, unaweza kumuumiza zaidi. Mimi si daktari, lakini niambieni kitu kimoja tu.

— Uliza, mama, alisema Injini.

— Ametulia kwa sababu amepona, ama kwa sababu amechoka?

Injini aliichukua fimbo yake, akainuka.

Muoki hakungoja jibu. Alimfunga Mbeti kifuani kwa leso, akaikunja ile nepi ndani ya mfuko wa plastiki, daktari aione kwa macho yake.

— Mkandaji akija, mwambieni tuko hospitali.

Alipofika barabarani, Injini alikuwa ameshamtangulia, fimbo juu, akiizuia pikipiki ya kwanza iliyotokea.