Historia ya Khalaf bin Humaid, Aliyempa Asaad Uso Wake

Bismillahi. Historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Mudrick bin Khalaf, mtoto mkubwa wa marehemu, hapa nyumbani Ibra, Oman, leo Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, siku ya hitima, na imeandikwa na mama yake, Mabruka binti Hud, mjane wa marehemu, ambaye yumo edani nyuma ya pazia hilo, anasikia kila neno, kwa hivyo msomaji asiruke mstari. Kwetu sisi maiti huombewa dua, hasomewi historia, lakini Mudrick aliiona desturi hii Dar es Salaam kwa jamaa zetu akaipenda, akaandika ukurasa mzima juu ya shujaa wa Jabali Akhdhar aliyepigana mpaka risasi ya mwisho, akampelekea mama yake autie baraka. Mabruka alivaa miwani, akausoma mara mbili, akamrudishia. "Mwandiko mzuri, mwanangu," akamwambia, "lakini mtu huyu simjui, hakuwahi kula kwangu." Ndipo akachukua kalamu mwenyewe, yeye aliyeishia darasa la saba, na haya ndiyo aliyoyaandika.

Marehemu alizaliwa Dima wa Tayyin mwaka wa 1937, wakati wa mavuno ya tende, siku yenyewe haijulikani, kwani kijijini kwao aliyewekewa kumbukumbu ya kuzaliwa alikuwa ngamia. Baba yake alifuga mbuzi, mama yake alimfia akiwa na miaka minne. Alisoma chuoni kijijini kuanzia mwaka wa 1944, akahitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mbili, na mwaka wa 1951 akapelekwa Nizwa kusoma dini na lugha, kwa kuwa akili alikuwa nayo, hilo halina ubishi, na mwenye akili huulizwa zaidi.

Huko Nizwa, mwezi wa Aprili 1953, alimkuta kijana mgeni kutoka Unguja, Asaad bin Hud, kaka yake Mabruka, mwenye miaka kumi na saba, aliyepelekwa na baba yake akasome penye asili yao. Wanafunzi walimcheka Asaad kwa Kiarabu chake cha mtaa wa Malindi, walimwigiza hata mbele ya mwalimu, lakini Khalaf hakumcheka, akala naye sahani moja, akalala naye blanketi moja, akajifunza Kiswahili kwake mpaka akawa anatukana vizuri kuliko aliyemfundisha. Hili limeandikwa kwa sababu ni kweli, na mwenye kuandika kweli haanzi kwa kuchagua.

Kazi yake ya kwanza marehemu ilikuwa vita. Mwezi wa Disemba 1955 askari wa Sultani waliingia Nizwa, mji wa Imamu aliyetawala bara, mwezi wa Juni 1957 jeshi la Imamu likarudi likainua watu wa bara, Julai mji ukawa wa Imamu, Agosti ukawa wa Sultani tena, safari hii Waingereza wakiwa nyuma yake na ndege zao, na kila jeshi lililoingia lilisema limekuja kuwakomboa watu, kisha likachinja mbuzi wa watu wale wale. Watu wa Sharqiyah, huku kwetu mashariki, waliinuka upande wao wakazimwa, watu wa Dakhiliyah, kule Nizwa, wakagawanyika, ukoo mmoja huku na ukoo wa jirani kule, na waliobaki na Imamu wakapanda Jabali Akhdhar, Khalaf na Asaad wakiwamo, wakakaa juu huko mwaka na zaidi. Ndege zilipiga mifereji ya maji na mashamba ya makomamanga, mbegu zikaliwa, punda wakaliwa, na baridi ikawaua waliosazwa na mabomu. Wanaume wamekuwa wakivisimulia vita hivyo katika sabla hii, ukumbi wetu wa wageni, kwa miaka hamsini, kahawa ikipita, kila mmoja wao akiwa mbele, hata mtu akajiuliza nani basi alikuwa nyuma.

Mwanzoni mwa Novemba 1958 kipande cha bomu kilimvunja Asaad mguu wa kushoto. Mkubwa wao aliamua ateremshwe mpaka Sur, apande chombo arudi kwao, na kwa kuwa njia ilipita kwa makabila mengine, ilibidi awe na mtu wa kumpa uso. Vijana waliozaliwa juzi, sikilizeni. Kumpa mtu uso ni kusema mbele ya mashahidi kwamba huyu anatembea katika heshima yangu, atakayemgusa kanigusa mimi, na akidhurika kabla sijadhurika mimi, basi sina uso, wala wanangu hawana. Khalaf alisimama, watu kumi na wawili wakisikia, akasema, "Asaad yumo usoni mwangu mpaka baharini." Hakuna aliyemlazimisha. Na kwa kuwa mshipi ulimuumiza Asaad akiegemea gongo, Khalaf alimbebea khanjari yake ya kiunoni, ile yenye mpini uliofungwa waya wa fedha na sonara wa Unguja.

Siku ya nne, Jumamosi tarehe 22 Novemba, njiani karibu na Izki, walikuta kizuizi cha askari wa Sultani, na mmoja wa askari alikuwa binamu yake Khalaf, aliyejiandikisha kwa ajili ya mshahara.

"Wewe pita," binamu akamwambia. "Huyu mwenye gongo nani?"

"Simjui," akasema Khalaf. "Kanifuata njiani tu."

Akapita, khanjari ya Asaad kiunoni mwake. Asaad alipigwa hapo hapo ataje aliyekuja naye, naye akajibu neno lile lile, simjui, ila yeye alilisema kwa kumficha mwenzake. Akapelekwa gerezani Maskati.

Mwezi wa Mei 1959, vita vikiwa vimekwisha na mlima umeshaangushwa, marehemu alifika Unguja, akaja nyumbani kwa Mzee Hud bin Rashid, Malindi, akalia mlangoni, akatoa khanjari, akasema Asaad amekufa shahidi mlimani, mikononi mwake. Matanga yakawekwa siku saba. Mzee Hud alimwona kijana aliyekuja mbali hivi kurudisha amana, akampenda, na Alhamisi tarehe 14 Januari 1960 akamwoza binti yake Mabruka, aliyekuwa na miaka kumi na minane, na khanjari akampa iwe yake.

Baada ya mapinduzi, Machi 1964, familia ilitoka Unguja na mabegi mawili, ikakaa Mombasa, kisha Dubai, na Septemba 1972 ikaingia Oman na kushukia hapa Ibra. Marehemu alifanya kazi ya ukarani serikalini kuanzia 1973 hadi alipostaafu 1997, hakuchelewa kazini, hakula rushwa. Alijaaliwa watoto watano, wa kwanza Mudrick, aliyezaliwa Unguja tarehe 9 Oktoba 1961, na wajukuu kumi na wanane, wote wamesoma, wengine mpaka wamesahau kuamkia.

Siku ya pili ya Idi ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Oktoba 1981, marehemu alimwalika mwalimu mgeni aliyehamia kutoka Nizwa, Sheikh Abdulsamad, kwa kuwa walikuwa pamoja mlimani, hawakuonana tangu hapo, na Khalaf hakujua mwenzake alipita wapi baadaye. Mabruka alikuwa nyuma ya pazia hili hili na birika la kahawa. Mgeni alipokea kifinjani, akainua macho ukutani.

"Hiyo khanjari ya Asaad."

"Ya marehemu shemeji yangu," akasema Khalaf. "Kanifia mikononi kule juu, Allah amrehemu."

"Kakufia wewe wapi, yaa Khalaf? Asaad kanifia mie, Agosti ya mwaka sitini na moja, gerezani, kichwa chake juu ya goti langu hili. Miaka miwili na ushei tumelala chumba kimoja. Kila aliyejiwa na jamaa zake kumwombea alitoka, na yeye kila siku akisema, baba yangu atakuja, Khalaf keshampelekea khabari."

Kisha akasimulia ya kizuizi cha Izki kama alivyoyasikia kwa Asaad, akakiweka kifinjani chini, kimejaa. Nyote mnajua maana ya mgeni kuweka kahawa chini, ana haja, hanywi mpaka atimiziwe.

"Kunywa kahawa yako, sheikh."

"Sinywi. Iseme mbele za watu, nami nitakunywa. Wakati wowote."

Hakuisema. Mgeni alipoondoka Mabruka alitoka nyuma ya pazia akamuuliza kama ni kweli, naye akajibu, "Nilikuwa kijana, nilikhofu." Mabruka akamwambia, "Izki ulikhofu, sawa, bunduki inamkhofisha kila mtu. Na Unguja, ulipokuwa unakula pilau ya arusi na baba yangu, pale palikuwa na askari gani?"

Hilo ndilo jambo lenyewe, wala msilitafute jengine. Siku Mabruka anapakwa hina, kaka yake alikuwa hai. Siku Asaad anakata roho, Mabruka alikuwa na mimba ya miezi saba, akimshonea mtoto wa Khalaf nguo. Mzee Hud alikuwa na jamaa Maskati, alikuwa na mali, alikuwa na miguu ya kumfikisha, alichokosa ni khabari tu, na khabari ilikuwa imekaa mezani kwake inakula. Mzee alikufa 1967 akimwombea Khalaf dua.

Kuna watakaouliza kwa nini Mabruka hakuondoka. Alikuwa na watoto watano, baba kaburini, Unguja hakuna pa kurudi, wala hakutaka mtu aseme Mabruka kakimbia nyumba yake. Alihamia chumba cha binti zake, akapika, akafua, akalea, na tangu siku hiyo hakumwita marehemu bwana wala baba Mudrick, alimwita Khalaf bin Humaid, jina zima, kama anavyoitwa mtu mahakamani.

Mwaka wa 2019 marehemu alishikwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hakulalamika, na Januari mwaka huu maji yalimjaa kifuani akalazwa. Jumapili tarehe 2 Februari, baada ya alasiri, alimwambia Mabruka, Hanifa anayemuuguza akiwapo, "Mama Mudrick, nisamehe."

"Langu nimekusamehe," akasema Mabruka, "miaka yangu, mgongo wangu, chukua. La Asaad lina mwenyewe."

"Mwenyewe kafa."

"Ndiyo, na wewe unamfuata. Ila nitalisema mbele za watu, siku ya hitima, lisiende nawe kaburini."

Khalaf akasema, "Asisome mwengine, asome Mudrick. Na Abdulsamad awepo." Miaka sitini na sita alikuwa na ulimi huo huo, akautumia siku ya mwisho. Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akazikwa siku hiyo baada ya adhuhuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta vyakula hata tukakosa pa kuviweka, na wafanyakazi wenzake wa zamani, wale wanaokumbuka jina lake. Wa kushukuriwa kuliko wote ni Hanifa binti Ngwali wa Tanga, aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha kwa miaka mitano bila kukunja uso, ilhali hakuwa babaye wala mumewe. Mudrick, aibu ya mtu hairithiwi, khanjari ndiyo inayorithiwa, na hii hukuachiwa, ilikuwa ya mjomba wako, nami dada yake ndiye mrithi wake. Iteremshe ukutani uniletee.

Sheikh Abdulsamad, uliyekaa karibu na mlango kwa ajili ya miguu yako, umeingia nyumba hii kwa kila msiba na kila arusi miaka arobaini na mitatu, hujanywa kahawa yetu hata tone. Haja yako imetimizwa. Imimine, Mudrick, kwa mkono wako, mpe mzee anywe.

Nawe, Khalaf bin Humaid, pumzika. Amani kamwombe Asaad.