Mzee Tuelewane Ahamia Kiti cha Mnunuzi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu wa ukumbi wa mauzo anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuuza magari mapya. Sote tunamwita Mzee Tuelewane, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kukaa mbele yake bila kuambiwa neno hilo kabla kiti hakijapata joto. Mimi ni jirani yake wa meza, ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia. Mwenyewe alitaka auandike. Tulimkatalia, maana jarida letu lina kurasa nane tu.

Kwanza niseme jambo lililotunyima raha mwezi mzima. Mzee huyu amewatoa watu kwa mamia kwenye lango letu wakiwa nyuma ya usukani, halafu kila jioni yeye hutoka kwa miguu. Mkewe, ambaye ni shemeji kwa wanaume wa hapa na wifi kwetu sisi wanawake, anashona mapazia na kuyapeleka kwa wateja begani. Mzee alimwahidi kwamba hatastaafu kabla hajamnunulia gari. Lakini punguzo la wafanyakazi ni la aliye kazini. Akishastaafu, anakuwa mteja kama mteja mwingine, na bei kamili hawaiwezi. Kwa hiyo hapa ofisini swali lilikuwa moja: je, wifi atapata gari kabla ya Ijumaa?

Mzee alianza kazi kama mtunza funguo. Ubao wa funguo ulikuwa karibu na mlango, na wateja walisimama kwake wakimsubiri muuzaji amalize chai. Muuzaji alipofika, mara nyingi alikuta mtu ameshakubali kununua na anauliza rangi. Meneja wa wakati ule akaona afadhali ampe meza. Tangu hapo Mzee amekuwa muuzaji bora mara sita, na ndiye aliyetuletea oda ya magari ya chuo cha ualimu, ile iliyotujengea choo kipya.

Hakuwa mtu wa haraka. Bei aliitaja mwishoni, baada ya kumkalisha mteja kiti cha nyuma, kwa sababu, alisema, watakaolalamika kuhusu gari nyumbani ni wale wa nyuma. Mteja akiomba punguzo, Mzee alishusha pumzi, akafunga vifungo vya koti, akaenda kuongea na meneja. Nawaomba radhi wote waliowahi kubaki pale nje wakiomba dua: humo ndani hawakuongea bei. Waliongea mpira, na goti la meneja. Kisha Mzee alitoka akijifuta jasho, na punguzo mkononi, lile lile alilokuwa nalo tangu asubuhi. Siku moja meneja alikuwa likizo. Mzee akaingia vilevile, akakaa peke yake, akatoka amenuna, na mteja akampa pole.

Msidhani alikuwa mkatili. Kuna muuguzi aliyekuja kununua gari lake la kwanza, akatajiwa bei, akasema sawa. Mzee aliduwaa. Alimwambia hawezi kumuuzia mtu asiyebishana, akamwagiza atoke nje, avute pumzi, arudi akatae. Muuguzi akatoka, akarudi, akakataa kwa aibu. Mzee akamwambia bado, akatae vizuri. Mara ya tatu yule dada alikataa sawasawa, hata sisi meza za jirani tukaogopa, akaondoka na bei nzuri. Baadaye alituletea wauguzi wenzake wanne, kila mmoja mkali kuliko aliyemtangulia, na Mzee akawa anajisifu kwamba ni wanafunzi wake.

Sasa tufike Jumatano iliyopita. Utaratibu wetu haumruhusu mtu kujiuzia gari, hivyo niliwahudumia mimi. Mzee alikaa kiti cha mnunuzi kwa mara ya kwanza. Wifi alikaa kando yake, ameukumbatia mkoba. Nikawatajia bei ya lile gari dogo la bluu, punguzo la wafanyakazi likiwa ndani yake. Wifi akaniomba kwa upole nipunguze kidogo zaidi. Nami nilikuwa nimejiandaa kupunguza.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee alimgeukia mkewe na kumweleza kwamba hapo tumeshafika chini kabisa, mama afikirie usafirishaji, afikirie na ushuru, na azunguke mji mzima hatapata bei kama hiyo. Nikacheka, nikijua anatania. Wapi. Nikawahi kusema kwamba basi nambari za gari tutazilipia sisi. Mzee akasema hapana, hizo ni za mteja, akazijumlisha kwenye hesabu kwa kalamu yake mwenyewe. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza kwa nini namkanyaga mbele ya mteja.

Wifi alifunga mkoba wake, akasimama, akatoka. Mzee akajiegemeza kitini akitabasamu, akaninong'oneza kwamba mwanamke huyo anajua kazi, kuondoka ndiko kunakoshusha bei, nitulie tu, atarudi. Tukatulia. Wifi hakurudi. Nilimwona Mzee akiitazama ile karatasi, akiutazama mwandiko wake, kisha tabasamu likamwisha na akatoka mbio, koti likipepea.

Waliyoongea langoni tumeyapata kwa mlinzi, na mlinzi wetu mnamjua, hawezi kulala na siri. Anasema wifi hakupaza sauti. Alimwambia mumewe kwamba miaka yote hii amekula chakula cha jioni akisikiliza habari za watu aliowapa bei nzuri, na amewafurahia wote, hata asiowajua. Leo alidhani zamu yake imefika.

Walirudi pamoja. Mzee alikaa tena kwenye kiti cha mnunuzi, akaweka mikono magotini. Sisi tuliomzoea tuliingiwa na hofu, maana ukumbi huu haujawahi kuiona mikono hiyo imetulia. Kisha akasema anaomba apunguziwe. Akasema gari ni la mke wake, pesa walizo nazo ndizo hizo zilizo mkobani, na hana ujanja mwingine. Machozi yalinilenga, sifichi. Mtu huyu alijua kulitoa punguzo na alijua kulizuia, lakini kuliomba hakuwahi.

Nikaingia kwa meneja, na safari hii tuliongea bei kweli. Meneja alitoka ofisini mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaifuta ile gharama ya nambari za gari kwenye hesabu, akaandika bei inayotosha mkoba, akampa wifi kalamu. Wifi alisoma taratibu, kisha akauliza, na makapeti ya ndani? Akapewa. Akauliza, na sevisi ya kwanza? Meneja akamtazama Mzee, Mzee akatazama dari. Akapewa. Kisha akaweka sahihi, na muuzaji bora mara sita akalia mbele ya ukumbi mzima bila kuona haya, nasi tukampigia makofi.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, kwa kutuchekesha, na kwa kuwapokea watu wa kila hali kwa adabu ile ile. Meza yako itakuwa wazi kwa muda, kwa sababu hakuna anayejitokeza kuikalia.

Ijumaa, hotuba zikiisha, lango litafunguliwa lote. Wifi ndiye atakayeendesha. Leseni anayo siku nyingi, alikuwa akilingoja gari. Wewe utakaa kando yake, ufunge mkanda, na tunakusihi usimwelekeze. Tumesikia umeshapata kazi ya kubeba mapazia kuanzia Jumatatu, na kwamba mwajiri amekataa kabisa kujadili mshahara. Nendeni salama, nyote wawili, na maisha yawanyokee.