Vijumba Thelathini Kwenye Uzio wa Kiwanda

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Orvokki Rantala hatunaye. Miaka sabini na saba. Alianguka Jumanne kwenye theluji inayoyeyuka, mlangoni kwake, na hakuamka tena.

Mnamjua. Ndiye aliyetuletea barua mtaa wa mtoni tangu ujana wake. Mapema mwaka jana, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilipokuwa na sherehe, kilimwomba atundike vijumba vya ndege kwenye uzio wake. Vijumba thelathini. Akavitundika vyote. Akapigwa picha, akanywa kahawa yao, akaona fahari.

Mwezi Mei wakaja wale ndege wadogo, weusi kwa weupe, wanaotoka Afrika Magharibi hadi huku kwetu Ufini. Wakataga. Mayai yakatoka na maganda laini. Makinda walioanguliwa wakavunjika miguu kwa uzito wao wenyewe. Udongo ule umejaa shaba na nikeli. Konokono, wanaowapa ndege chokaa ya mifupa, wameisha zamani.

"Niliwakaribisha mimi," alimwambia binti yake, Saimi. "Nimewatandikia sumu, halafu nikachekea kamera!"

Akapeleka makinda saba waliokufa kwa meneja, ndani ya kopo la kahawa.

"Mama, ndege hufa kila mahali," meneja akasema.

"Hufa, ndiyo. Lakini kwangu, ng'ambo ya mto, hufa wakiwa na mifupa. Vishushe!"

"Wageni wetu wanavipenda sana."

Wageni! Saimi ameniandikia maneno hayo; nimeyasoma mara tatu, na mara tatu nimetamani kuipiga meza hii.

Aprili hii, kabla ndege hawajarudi, Orvokki akaanza kuvishusha mwenyewe.

"Shuka, bibi!" mlinzi akafoka. "Hiyo mali ya kiwanda!"

"Waite polisi, mwanangu. Ila kwanza nishikie ngazi."

Akamshikia. Saimi anacheka huku analia akilisimulia hilo.

Alishusha kumi na tisa. Narudia: kumi na tisa, kwa siku nne, na moyo wake mgonjwa.

Saimi, na mzee Aarre, mume wa marehemu, poleni sana. Kiwanda kilileta shada la maua. Aarre amelirudisha getini, na amefanya vyema.

Nasi tutafakari, lakini tusikae tukitafakari tu. Ndege wanafika wiki ijayo. Vijumba kumi na kimoja vingali kwenye uzio, na vyote viko wazi.