Rubani Alisema Bado

Tangu jana asubuhi, ndege ya kunyunyizia dawa ilipoangukia shamba la pamba hata kabla haijakaa sawa angani, benchi la nje ya kinyozi halijapoa. Kinyozi mwenyewe, aliyeitwa Wembe kwa sababu ya ulimi wake wala si kazi yake, ndiye aliyemimina kahawa. Fundi viatu, Soli, alikuwa na sababu mpya kwa kila kikombe. Pembeni alikaa Pipa, mjaza dawa wa ndege hiyohiyo. Siku nyingine humnyamazishi huyo, ila leo roho yake ilikuwa juu juu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Wembe. Angeruka polepole.

— Polepole angani? Ndege ikipunguza mwendo si inadondoka! alijibu Soli.

— Sasa haikudondoka?

— Sikiliza. Ndege wa manyoya kaingia kwenye injini ya ndege ya bati. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime!

— Acha uongo. Ni panzi. Wamechoka kunyunyiziwa, wakakalia bawa moja wote. Umoja ni nguvu!

— Panzi wana uzito gani, wewe?

— Wale wa kule wamelishwa pamba, ndugu yangu!

Uzito. Neno hilo lilimrudisha Pipa kwenye ndege ya jana. Jana, injini ikinguruma, alikuwa amepaza sauti: “Tangi vipi?” Rubani akajibu, “Bado!” Pipa akaelewa bado halijajaa, akaongeza madumu matatu. Ndege ilipoanguka ndipo alipowaza: je, kama alimaanisha dawa ya juzi bado imo?

Mwanamke mwenye kikapu cha nguo alisimama mbele yao. Walimjua, dada yake rubani.

— Kaka zangu, hamjambo? Nani kati yenu ameenda kumwona?

Wembe akamtazama Soli. Soli akatazama viatu. Siku nzima na robo walikuwa wamemzungumzia mgonjwa, na hakuna aliyevuka barabara kwenda hospitali.

Pipa akainuka.

— Dada, mimi ndiye niliyemzidishia mzigo. Alisema bado, nami nikaongeza. Nisamehe.

Akalia palepale, mtu mzima, wala hakujificha.

Dada akaweka kikapu chini, akamfuta uso kwa upindo wa mtandio.

— Kumbe Pipa ndiye wewe! Mguu umevunjika, lakini mdomo mzima. Tangu azinduke anakutaja wewe tu.

— Ananilaumu?

— Anasema alikujibu neno moja katika kelele, badala ya kuzima injini ashuke mseme vizuri. Anataka akuombe radhi. Nimeambiwa nisirudi bila wewe.

Wembe akafunga kibanda bila kuulizwa. Soli akavaa viatu. Pipa alikichukua kile kikapu, akatangulia mbio mbio, akafika ng'ambo ya barabara ndipo akakumbuka kwamba hajui wodi.