Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Ko. Kimya. Ko. Jiwe juu ya jiwe, usiku wa manane, nje ya dirisha langu, na mimi na moyo wangu huu mbovu nikajua ni mwizi, halafu nikajiuliza, mwizi gani anayejenga? Wenna, njoo karibu, mwache mdogo wako Cubert alale hapohapo kitini, na wewe Hedrek mume wangu usinishike mkono kana kwamba nazama, nisikilizeni tu, nesi ameshanipa ile dawa ya kunituliza kabla sijaenda kupasuliwa na sijui ulimi utakuwa mzito saa ngapi. Naogopa, sitawadanganya, naogopa sana. Wosia ni kazi ya wazee, mimi sijafika hata miaka thelathini, lakini nyumba ni yangu na kesi ni yangu, na nikiondoka zote mbili zitakuwa zenu.

Kesi yenyewe mnaijua nusu. Baba yangu, babu yenu Gerran, aligombana na jirani yetu Mzee Tonkin juu ya ule ukuta wa mawe na udongo kati ya shamba letu na lake, ule unaoota maua ya manjano mwezi wa tatu. Baba alisema ukuta aliujenga baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Tonkin akasema, huo ni uongo, ukuta ni wangu. Akamwalika baba waketi mezani na msuluhishi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na baba hakujibu hata neno, maana sisi watu wa Cornwall tukijiona tuna haki tunadhani kuketi na mwenzako ni kukiri kosa. Nikamwambia, "Baba, nenda ukamsikilize tu, anataka nini?" Akanijibu, "Anataka ukuta wangu na chai yangu, na chai ningempa."

Basi akaenda mahakamani, akashinda. Kweli alishinda! Ukuta uko kwenye ardhi yetu, hakimu alisema, haidhuru aliujenga nani. Halafu palepale akasema, lakini wewe Gerran ulikataa kuketi mezani, na pengine mngemalizana huko huko bila kuja kwangu, kwa hiyo utabeba gharama zako na za mwenzako. Baba akatoka na ukuta mkononi na nyumba kinywani mwa mamba. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu walivaa majoho. Hakumaliza mwaka. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe ni wewe, Wenna.

Nikaichukua mimi ile kesi, kuipinga amri ya gharama. Hukati rufaa hivihivi, unaomba kwanza ruhusa ya kuikata, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kuomba biskuti. Jaji wa Mahakama Kuu akasoma makaratasi, akakataa. Tukaomba tusikilizwe ana kwa ana, na ndiyo hiyo Alhamisi inayokuja, wakili wetu asimame mbele ya jaji na hoja moja tu: kuketi mezani kusingezaa kitu, wazee wale wasingepatana kamwe. Jaji akikubali, mlango wa rufaa umefunguka. Akikataa, hakuna mlango mwingine, na nyumba itauzwa kulipia gharama.

Sasa sikieni ile ko, ko. Asubuhi nilitoka na mabuti yangu kwenda kuangalia. Pale mvua ilipokuwa imebomoa, mtu amepaziba, mawe yamelazwa kwa kuinama, safu juu ya safu kama mifupa ya samaki, lakini yameinamia kule, siyo huku, na Baba, mtu wa mkono wa kulia, kila alipoziba ufa mawe yake yaliinamia huku. Nikatazama ukuta wa zamani kutoka mwanzo hadi mwisho. Isipokuwa viraka vya Baba, wote umeinamia kule! Mkono uliojenga usiku ule ndio uliojenga tangu mwanzo. Nikashindwa kukaa. Nikabeba keki ya zafarani, nikagonga kwa Tonkin.

"Umekuja kunishtaki tena, binti?"

"Nimekuja kuuliza, Mzee. Unazibaje ukuta ulioupoteza mahakamani?"

"Mawe hayajasoma hukumu," akasema, akanivutia kiti, akanimiminia chai. Kwa mkono wa kushoto. Nikacheka mpaka chai ikamwagika.

"Ni wewe uliyeujenga!"

"Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Babu yako alisimama na kiko chake akanielekeza, mimi nikabeba mawe."

"Na mezani ungemwambia nini baba yangu?"

Alikata keki kwanza. "Ningemwambia, Gerran, chukua ukuta wako. Sema tu kwamba niliujenga mimi. Hakuja, nikakasirika, nikadai na ardhi isiyo yangu."

Basi! Sentensi moja. Kuketi mezani kungezaa kila kitu, yule hakimu tuliyemtukana miezi yote alikuwa sahihi, na Alhamisi wakili wetu atasimama aseme kwa niaba yangu jambo ninalojua si kweli. Hedrek, najua utasema nyamaza, jaji hajui. Mimi najua. Sasa na nyinyi mnajua. Mpigie wakili kesho, aliondoe ombi. Kisha nendeni watatu mezani kwa Tonkin, na Wenna ndiye aseme, kwa sauti: ukuta huu uliujenga wewe. Nilimuuliza je, nyumba utatuachia? Hakuniahidi. Alisema, "Lisemwe hilo kwanza, ya gharama tutayaongea." Inawezekana tukaipoteza. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ulimi huo... unaanza. Cubert miguu imekua, mabuti ya zamani ya Wenna yako nyuma ya mlango. Wenna, mtu akikuita mezani, nenda. Hata ukiwa na haki. Hasa ukiwa na haki. Mungu awape majirani wenye kelele na... na masikio ya kuuliza kelele ni ya nini. Nimewabariki. Hedrek, sasa nishike mkono.

Na moja. Ile ya usiku, mawe, msimwambie Elowen, binti yake Tonkin. Mzee nyonga yake mbovu, daktari amemkataza kuinua hata ndoo. "Akijua atanifungia nyundo yangu," aliniambia, mzee mzima, kama mtoto. Nilimwahidi. Nimewaambia nyinyi tu, kwa sababu... nyinyi ni mimi. Mwingine simwambii.