Kofi la Chai Iliyopoa

Mwaka wa 1966, katika basi la kutoka Kericho, mama mmoja nyuma yangu alimweleza mzee asiyemjua habari za mumewe, Manasseh, mpishi wa mzungu. "Alipigwa kofi mbele ya watoto wetu kwa sababu chai ilipoa. Jioni hiyo akaanza kunywa chang'aa, mpaka akili ikaharibika. Sasa ana miezi saba hajaonja, lakini akisikia gari la yule mzungu tu anatetemeka. Na sasa amemwita tena kazini."

"Mama, siku hizi ni Uhuru. Wazungu wamebadilika," mzee alisema kwa urahisi, kwa kuwa shavu lililopigwa halikuwa lake.

"Manasseh hajabadilika."

Basi liliposimama Keumbu, mzee aliuliza, "Kwani amekubali?"

"Alirudi Jumatatu," mama alijibu, akashuka.