Mtumbwi Unaovaa Sketi

Fundi Turubai alisema uongo. Hadithi hii ianzie hapo, maana hata mwenyewe ukimwuliza leo hapendi ianzie kwenye kahawa. Alisema uongo mchana kweupe, sindano yake kubwa ya shazia mkononi, mbele ya mwanamke aliyemwamini. Na uongo wenyewe hakuutunga yeye. Alikabidhiwa na wenzake wa benchi, kama mtu anavyopewa mtoto wa jirani amshike kidogo. Hilo halimpunguzii kitu mbele ya Mungu, na analijua.

Benchi lenyewe liko ufukweni, kati ya kibanda chake cha kushonea maturubai na karakana ya Injini, anayetengeneza mashine za boti. Mama Birika anauzia kahawa hapohapo, pembeni ya nanga kuukuu iliyozama nusu mchangani, ambayo yeye huanikia vitambaa vyake. Spika, fundi wa redio na simu, hukaa mwisho wa benchi ili apate nafasi ya kurusha mikono. Mstaafu hukaa katikati. Alikuwa karani bandarini, na tangu aache kazi kila mtu kwake ni mzigo ambao haujafunguliwa ukakaguliwa. Watu hawa wana kanuni moja: mgeni akiuliza jambo, jibu linapikwa kwanza benchini, kisha anayeulizwa analitoa kama lake.

Alasiri ile Fundi alikuwa amekaa, kikombe mkononi, kahawa imepoa.

— Wale wageni, binti na mjomba wake, wameondoka? — Mstaafu aliuliza akijikalia.

— Mchana huu — Fundi akajibu. — Niliwaona wakivaa.

— Wakivaa nini?

— Sketi.

Spika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia gotini.

— Na yule mjomba mtu? Mzee mzima na mvi zake?

— Naye. Mtumbwi wao ule wa kayaki una tundu la kukalia, Spika. Sketi inaziba tundu, inakubana kiunoni, wimbi likipiga maji hayaingii. Ya binti ilichanika, nikaishona mimi.

— Mimi nina miaka yangu hapa mjini — Spika alisema — nimeona boti ina bendera, ina jina, ina deni la watu. Boti yenye sketi sijaona. Hapo pana jambo.

— Jambo lipo, na si la sketi — alisema Mstaafu. Aliweka kikombe chini taratibu, kama anayeweka muhuri. — Jiulizeni. Mtu anatoka mji kwa mji, pwani hadi pwani, kwa kasia. Mabasi yapo. Barabara ya lami ipo. Anayeikimbia barabara anakimbia vizuizi. Anayekimbia vizuizi ana nini?

— Mgongo wa chuma — alisema Mama Birika.

— Ana mzigo, mama. Ana mzigo.

— Mizigo niliiona. Sufuria, mchele na dawa ya jua.

— Hiyo ni ya juu. Ya chini uliiona?

Injini alitoka karakanani akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Nyuma yake, majini, boti ya mteja wake ilikuwa imefungwa kamba, mashine yake ndiyo kwanza imerudishwa mahali pake.

— Mimi kilichonitia wasiwasi ni ukimya — alisema. — Wateja wangu wote nawasikia kabla sijawaona. Hawa niliwaona ndipo nikawasikia. Binti akanisalimia karibu na sikio, nusura nimeze spana. Mtu mwema hafiki kimya namna ile.

— Na nanga yangu je? — Mama Birika akaingilia. Alikuwa akiwatetea tangu jana, lakini la nanga lilimkaa rohoni. — Wameniambia, mama, tunaomba uondoe vitambaa tuipige picha. Nikaondoa. Wakaipima kwa futi kamba, urefu, unene, mpaka kutu yake wakaigusagusa. Halafu wananiuliza nani aliiacha hapa. Nikasema niliikuta. Yule mzee akaandika "aliikuta", akanishukuru kama nimempa ng'ombe.

— Umeona — Mstaafu alisema. — Leo nanga. Kesho watauliza meli yake.

— Wameshauliza — alisema Fundi kwa sauti ndogo.

Wote wakamgeukia.

— Jana wakati nashona. Binti anasema wanapita pwani yote wakitazama wanyama na ndege wa baharini, na mabaki ya vyombo vya zamani. Wapi kasa wanataga, wapi pana kaburi la mabaharia, wapi pana mbao za merikebu. Wanaandika ili visipotee.

— Visipotee, au vipotee vizuri? — Spika aliuliza. Akasimama, maana mkao haukumtosha tena. — Nisikilizeni. Kasa wana hesabu gani? Kasa ana kitambulisho? Lakini kasa anatoka hapa, anakwenda mbali huko, anarudi palepale alipozaliwa. Mfunge kifaa kidogo mgongoni, umepata njia zote za chini ya maji. Sasa nani anahitaji njia za chini ya maji?

— Kasa — alisema Mama Birika.

— Mwenye chombo cha chini ya maji!

— Unasema nyambizi? — Injini akauliza.

— Mimi sijasema. Umesema wewe.

Mstaafu hakucheka. Alikunja nyusi, akaitazama bahari, na wenzake wakajua kwamba kubwa linakuja.

— Kwa nini kayaki ziko mbili, nyembamba, hazina mashine, zina rangi ya machungwa? Kwa sababu zile ni watoto. Watoto hutumwa mbele. Mama yao yuko chini, anasubiri.

— Na huyo mama anavaa nini? — Injini akauliza.

— Gauni — alisema Mama Birika, na hata Fundi alitabasamu kidogo.

Lakini tabasamu halikukaa. Nyuma ya mzaha ule palikuwa na jambo ambalo si mzaha, na wote walilijua. Kusini ya mji, ukipita kwenye boya jekundu, mwamba una mlango mpana ambao boti zote hutumia. Pembeni yake kuna kighuba cha mchanga mweupe. Kasa wanataga pale, na maji yakipwa mataruma ya merikebu ya kale yanatokeza mchangani kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Watoto wao wote wamecheza pale. Halafu kuna mlango wa pili wa mwamba, mwembamba, upande wa kaskazini, mbali na kighuba.

— Mnanicheka — Mstaafu alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya karani. — Uwanja wa mpira ulianza hivihivi. Alikuja kijana mpole, na darubini yake ya miguu mitatu, akamwamkia kila mtu. Leo uwanja una ukuta na mbwa. Wanangu wanacheza mpira barabarani. Wakiandika kighuba kwenye vitabu vyao, mwakani tutakiona kwa kuchungulia tunduni. Ndiyo maana nilisema jana, na narudia leo: tulifanya vyema kuwapeleka mlango mwembamba.

Hapo Fundi akaimwaga kahawa yake mchangani.

Maana aliyewapeleka ni yeye. Jana binti alikuwa amechuchumaa kibandani, anatazama shazia likiingia na kutoka. Fundi alipomaliza, binti akaitumbukiza sketi kwenye ndoo ya maji, akaiinua, akapitisha kiganja kwa ndani. Pakavu. Akafurahi kama mtoto. Kisha akauliza, baba, kesho tukitoka hapa, tupite mlango upi wa mwamba? Fundi alikuwa na jibu la benchi tayari mdomoni. "Ule mwembamba, binti yangu. Ndio wanaopita watu." Binti akasema asante, baba, Mungu akuweke. Na yeye, bila hata kupepesa, akaitikia: Amina.

Uongo angeweza kuubeba. Ile Amina ndiyo iliyomzuia kulala. Alfajiri alisali akakosea, akarudia, akakosea tena.

— Nawauliza kitu — alisema sasa. — Maji yakipwa, mlango ule unabaki na kina?

— Tele — Spika akajibu bila kugeuka.

— Ramani ya bandari ilionyesha kina cha kutosha — alisema Mstaafu.

— Kayaki inahitaji nini? — alisema Injini. — Ile ingepita hata kwenye mate.

Fundi alitazama. Maji yalikuwa yamepwa, mwamba umetoka mweusi, na kule kwenye mlango mwembamba bahari ilikuwa nyeupe, inachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

— Kule kweupe vile ni nini?

— Upepo — alisema Spika.

— Upepo hakuna, Spika. Vitambaa vya Mama Birika vimetulia tuli.

Mama Birika alikuwa amesimama, mkono juu ya macho.

— Yule si binti wenu?

Alikuwa anakuja kwa miguu, kutoka alikoivuta kayaki yake mchangani. Sketi bado imembana kiunoni, inadondosha maji kila hatua. Kiatu kimoja hakipo. Goti linavuja damu, na wala halitazami. Alifika mbele ya benchi, akashika magoti, akavuta pumzi.

— Shikamooni.

— Marahaba — wakajibu, kila mmoja kwa wakati wake.

— Mjomba yuko mwambani. Pale mlangoni, upande wa nje. Wimbi lilimgongesha kwenye jiwe, kayaki imepasuka, mguu hauwezi kukanyaga. Nilijaribu kumbeba, yangu ni ya mtu mmoja. Amekaa juu ya jiwe, na maji yameanza kurudi. Yakijaa, jiwe lile linafunikwa. — Aliinyooshea mkono boti ya mteja wa Injini. — Mashua zote zimetoka. Pwani nzima nimeona boti hii moja. Nawaomba. Lakini pale ni pabaya, mawe hayaonekani, boti haiwezi kuingia bila mtu anayepajua. Nani kati yenu ameshawahi kuupita mlango ule?

Hakuwa anawashtaki. Angewashtaki, wangejua la kusema. Benchi lile halijawahi kushindwa na ugomvi. Alikuwa anauliza tu, anawatazama usoni mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza nani ana kiberiti.

Spika akatoa simu mfukoni, akaitazama, ilikuwa imezima. Mstaafu akavua miwani, akaifuta, haikuwa na kitu. Injini aliangalia mikono yake. Mama Birika, kwa kukosa la kufanya, akainamisha birika kwenye kikombe cha mtu. Likatoa matone mawili na machicha.

— Jamani — alisema binti. — Hata mmoja?

— Hakuna — alisema Fundi.

Binti akamgeukia.

— Baba, si ulisema ndio wanaopita watu?

— Nilisema.

— Fundi, tulia kwanza — Mstaafu akanong'ona.

— Nimetulia tangu jana, Mstaafu, na ona nilipomfikisha mtoto wa watu. — Akasimama. Akamkabili binti uso kwa uso. — Binti yangu, nilikudanganya. Sijaupita mlango ule, sijui mtu aliyeupita. Tuliogopa mngeona kighuba chetu mkakiandika, kije kujengewa ukuta. Nikakuelekeza nisikokujua, nikaitikia na dua yako juu. Mungu amenisikia. Nawe nisikie.

Binti akageuka. Macho yake yakarudi mwambani.

— Injini — alisema Fundi. — Washa mashine.

— Boti si yangu, ndugu yangu. Ya mteja. Na mashine sijaijaribu.

— Si ndio tuijaribu? Mlango mpana unaupita kila siku ukijaribu mashine za watu. Tutokee huko, tuzunguke kwa nje, tumfikie mzee kwa nyuma.

— Huko ni kupita kighubani — Mstaafu alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehesabu watoto wake. — Maji haya ya kupwa, mataruma yote yako nje. Ataona kila kitu.

— Aone.

Mstaafu akainuka. Akaenda kwenye kamba ya boti, akainama na mgongo wake mbovu, akaanza kufungua fundo. Mama Birika alishavua vitambaa vyake vyote kwenye nanga, akamtupia binti vikavu.

— Vya mguu wa mjomba wako. Usinirudishie.

Injini akavuta kamba ya mashine. Ikakohoa. Akavuta tena, akiitukana chinichini, na mara ya tatu ikashika. Binti alikuwa ameshapanda, amepiga magoti mbele, amegeukia mwambani.

— Inatosha sisi wawili — alisema Injini.

— Wewe unashika usukani, yeye anaonyesha — alisema Fundi. — Mzee atanyanyuliwa na nani?

Aliingia majini na viatu vyake. Maturubai yake yamefunika boti za pwani nzima, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata moja, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani. Akashika ukingo wa boti, ukamponyoka.

— Binti yangu — alisema. — Naomba unishike mkono. Kuogelea sijui.